Aliyepoteza Ndiye Atafutaye

Wapendwa taifa la Mungu, Dominika ya Familia Takatifu huangukia katika siku zile ambazo Watanzania wengi wako safarini. Mabasi ya kwenda Moshi, Bukoba, Songea na Mbeya yamejaa, shule zimefungwa, na watoto wanaolelewa na bibi zao wanavishwa nguo mpya kwa sababu kuna mgeni. Katika nyumba kadhaa mgeni huyo ni baba au mama ambaye hajaonekana kwa miaka 8, 10, hata 14. Aliondoka mtoto akiwa mgongoni. Anarudi mtoto yuko kidato cha tatu, sauti imekuwa nzito na kimo kimempita yeye aliyemzaa. Juu ya ujio huo tunataka kusema neno, tena kwa uwazi, kwa maana yanayotendeka katika sebule hizo mara nyingi ni udhalimu uliovikwa kanzu ya dini.

Yanayotendeka ni haya. Ukoo unakaa. Kijana anaitwa kutoka jikoni au uani, anaambiwa amsalimie baba yake kwa heshima. Anaambiwa asahau yaliyopita kabla yaliyopita hayajatajwa na mtu yeyote. Akisita, wanamwambia damu ni nzito kuliko maji. Akinyamaza, wanasema ana kiburi alichofundishwa na mama yake. Akithubutu kuuliza, "Ulikuwa wapi?", kikao kizima kinamgeukia kana kwamba ametukana. Mwisho hutolewa silaha kubwa: Amri ya Nne na laana ya mzazi. Na yule aliyeondoka? Ameketi kiti cha heshima, mbele yake soda na sahani ya pilau, wala hakuna aliyemwuliza lolote. Tunasema bila kigugumizi: kikao cha namna hiyo kimeisimamisha Injili kichwa chini, miguu juu.

Twende basi kwenye Injili yenyewe, ile ambayo Mama Kanisa anatusomea katika sikukuu hii kwa Mwaka C. Mwinjili Luka (2:41-52) anasimulia kwamba Yesu alikuwa na umri wa miaka 12 alipobaki Yerusalemu baada ya Pasaka. Yosefu na Maria walikwenda mwendo wa siku moja wakidhani yumo katika msafara. Walipomtafuta kati ya jamaa na marafiki wasimwone, walifanya nini? Hawakuendelea hadi Nazareti wakisema, "Amekuwa mkubwa, njia anaijua, akituhitaji atatufuata." Waligeuka. Walirudi kwa miguu njia ile ile waliyokwisha kuitembea, wakamtafuta hadi walipomwona siku ya tatu Hekaluni. Tena hao hawakuwa wamemtelekeza mtoto. Ikiwa wazazi wasio na hatia waligeuka na kumtafuta kijana wao, mzazi aliyeondoka kwa hiari yake anapata wapi ujasiri wa kuketi na kungoja mtoto amwendee?

Angalieni kinachofuata. Maria anautaja uchungu wao, kwamba walikuwa wakimtafuta kwa huzuni. Yesu naye anajibu kwa kuuliza, na swali lake si jepesi. Luka anakiri kwamba wazazi hawakulielewa. Hapo ndipo wengi wetu tungetegemea kofi au hotuba ndefu juu ya adabu. Havipo. Kisha, baada ya hayo, tunaambiwa kwamba Yesu alishuka pamoja nao hadi Nazareti akawa anawatii, naye Maria akayaweka yote moyoni mwake. Utaratibu wa Injili ni huu: kwanza mzazi anatafuta, pili kijana anauliza na mzazi anakubali kulibeba swali, tatu unakuja utii. Vikao vyetu vinaanza na la tatu, vinakataza la pili, na la kwanza vinalisahau kabisa.

Tutajibiwa: "Lakini Amri ya Nne?" Naam, tuizungumze, kwa maana inatajwa sana na inasomwa kidogo. Somo la pili la sikukuu hii linatoka katika Waraka kwa Wakolosai, sura ya 3. Katika aya ya 20 Mtume Paulo anawaagiza watoto kuwatii wazazi wao. Wapo watu wanaoisikia aya hiyo na kuziba masikio papo hapo, maana aya ya 21 inawageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Aya hizo mbili zimeandikwa na mkono mmoja, na ni za Neno lile lile. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, inapofafanua Amri ya Nne, inazungumzia wajibu wa watoto katika namba 2214 hadi 2220, na mara moja, namba 2221 hadi 2231, inazungumzia wajibu wa wazazi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1136, inasema kwamba wazazi wana wajibu mzito sana, pamoja na haki ya kwanza, ya kuwalea watoto wao kimwili, kijamii, kiutamaduni, kimaadili na kidini. Anayeishika Amri ya Nne kama fimbo ya kumchapia mtoto, na ilhali yeye mwenyewe aliuvunja upande wake wa amri hiyo kwa miaka 12, haitetei amri. Anaitumia.

Hatusemi kwamba kijana ameruhusiwa kumtukana aliyemzaa. La hasha. Heshima ni deni, na kijana Mkristo atalilipa. Atasalimia, atamkaribisha mgeni, hatamtolea maneno ya matusi wala hatatamani aangamie. Lakini kusalimia ni jambo moja, na kujifanya una mapenzi usiyokuwa nayo ni jingine. Heshima inadaiwa na amri. Upendo wa mwana kwa baba hukua polepole, kama mmea, na aliyekataa kupanda asishangae kukuta shamba tupu. Wazee wetu walilisema kwa maneno machache: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Na hilo ndilo alilolifundisha marehemu Baba Mtakatifu Fransisko katika barua yake Patris Corde ya tarehe 8 Desemba 2020, juu ya Mtakatifu Yosefu. Alieleza kwamba mtu hawi baba kwa sababu tu amemleta mtoto duniani, bali kwa kuubeba wajibu wa kumtunza. Yosefu hakumzaa Yesu kwa mwili; alimpa jina, alikimbia naye Misri usiku, na alimtafuta Yerusalemu. Kwa kipimo hicho, katika sebule tuliyoitaja, baba halisi pengine ni yule babu mwenye kanzu iliyochakaa aliyeuza mbuzi ili ada ilipwe, au mjomba aliyekwenda shuleni kila mzazi alipoitwa, au bibi aliyekesha na mtoto mwenye malaria. Wao wameketi kwenye mkeka. Mgeni ameketi kwenye kochi. Tungependa kuona siku moja mgeni huyo anainuka, anakwenda kwenye mkeka, anapiga magoti mbele ya bibi na kusema, "Mama, asante. Kazi yangu umeifanya wewe." Neno hilo lingefungua moyo wa kijana kuliko simu mpya anayoletewa ndani ya boksi.

"Lakini Bwana ametuagiza kusamehe saba mara sabini." Ndiyo, wala hakuna awezaye kuifuta hata nukta moja ya agizo hilo. Tena Kristo aliwaombea waliomsulubisha hata kabla hawajamwomba msamaha, na huko ndiko kila mmoja wetu anakoitwa, kijana akiwamo. Ila tusichanganye mambo mawili. Kusamehe ni kuacha kisasi na kumkabidhi Mungu deni. Mtu mmoja aweza kulifanya peke yake, mbele ya Tabernakulo, kwa machozi na kwa muda wake. Kupatana kunahitaji watu wawili na ukweli katikati yao. Kanisa lenyewe, lililopewa funguo na Bwana, linadai kwa mwenye kutubu majuto, maungamo na malipizi. Namba 1459 ya Katekisimu inafundisha kwamba maondoleo huifuta dhambi lakini hayaponyi madhara yote yaliyoletwa na dhambi hiyo. Mkosaji hana budi kufidia, kwa mfano kurudisha alichoiba. Ikiwa padre katika kiti cha maungamo hampi maondoleo mtu aliyeketi kimya na kukataa kuikiri dhambi yake, ukoo unapata wapi mamlaka ya kumlazimisha mtoto wa miaka 15 atoe maondoleo kwa mtu ambaye hata hajasema, "Nimekosa"?

Mfano wa mwana mpotevu nao hutajwa sana katika vikao hivi, na daima kijana ndiye anayepewa nafasi ya yule baba mwenye huruma. Tuusome vizuri (Luka 15:11-32). Aliyekwenda nchi ya mbali ndiye aliyezingatia moyoni mwake. Ndiye aliyeinuka. Ndiye aliyetembea njia yote ya kurudi, ndiye aliyekiri kwamba hastahili tena jina la mwana, na alikuwa tayari kupokewa kama mtumishi. Baba alimkimbilia mtu ambaye tayari yuko njiani, na amebeba maungamo mdomoni. Sasa ikiwa aliyekwenda nchi ya mbali ni mzazi, basi maneno yale ni yake. Aje akiwa tayari kutoitwa baba. Aje akiomba kazi ya mtumishi: kulipa ada, kununua daftari, kungoja nje ya geti la shule siku ya kutembelea wanafunzi, hata kama kijana hatatoka kumwona. Zakayo hakuishia kufurahi kwamba Bwana ameingia nyumbani mwake; alisimama akatangaza fidia, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa kila aliyemdhulumu (Luka 19:8). Mzazi anayerudi bila kuligusa deni la miaka aliyokosekana hajafika bado alipofika Zakayo.

Tutaje pia wakati ambao wengine huuchagua kurudi, maana wakati nao husema. Wapo wanaokumbuka kwamba wana binti siku barua ya posa inapofika. Wapo wanaokumbuka kwamba wana mwana siku matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, au anapopata ajira, au wao wenyewe nguvu zinapowaishia na yule waliyemfuata mjini amewafukuza. Huyo hatumfungii mlango, kwa kuwa mwana mpotevu naye alirudishwa na njaa. Lakini tunamwambia: njaa yaweza kukuleta hadi mlangoni, ila haiwezi kuwa ndilo neno lako la kwanza ukiingia. Kumjia binti ambaye hukumnunulia hata sare ya shule na kuanza kuhesabu ng'ombe wa mahari ni kumuuza mtoto ambaye hukumlea.

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Si kila mzazi aliye mbali ni mtoro. Yupo mama aliyekwenda Muscat kufanya kazi za ndani, akatuma fedha kila alipolipwa, akapiga simu kila aliporuhusiwa kuishika. Huyo alikuwa mbali kwa mwili, lakini mtoto alikula jasho lake. Yupo baba ambaye kila alipokuja alifukuzwa langoni, na barua zake zikachomwa jikoni, ili mtoto akue akiamini kwamba ameachwa. Anayemficha mtoto ukweli wa namna hiyo anatenda dhambi nzito kama ya yule aliyetoroka. Katika wosia wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 245, Papa Fransisko aliwasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto mateka kamwe. Mama, shangazi, bibi: uchungu wenu tunauheshimu, lakini msimrithishe mtoto chuki kama mnavyomrithisha shamba. Mwambieni kweli yote, na iliyo nzuri pia, kisha mwacheni apime mwenyewe. Ila pale ambapo mzazi anayerudi ni mlevi wa ngumi au amewahi kumdhuru mtoto, hapo hakuna kikao wala sala inayoweza kuhalalisha kumkabidhi mtoto mikononi mwake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 9, unalinda haki ya mtoto kukutana na wazazi wake wote wawili, isipokuwa pale jambo hilo linapopingana na ustawi wake.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Ni aibu kwetu Wakristo ikiwa serikali inamsikiliza mtoto kuliko jumuiya inayokutana kila wiki kusali rozari. Tena lingetakiwa liwe jambo letu kabla ya kuwa la serikali. Someni kitabu cha Mwanzo, sura ya 21. Abrahamu anamtoa Hagari na kijana Ishmaeli asubuhi na mapema, pamoja na mkate na kiriba cha maji. Ukipiga hesabu ya Maandiko, Abrahamu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa. Basi siku ile jangwani Ishmaeli alikuwa amepita miaka 14, rika la vijana wetu wa sekondari. Maji yalipokwisha, mama alilia. Lakini Neno la Mungu linasema kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana. Ndiyo maana ya jina lake: Mungu husikia. Miaka mingi baadaye (Mwanzo 25:9) tunamkuta Ishmaeli huyo huyo, mzee sasa, akimzika Abrahamu pamoja na Isaka katika pango la Makpela. Maandiko hayatuambii kwamba kuna mtu aliyemburuta. Mungu aliyemsikia akiwa kijana alimpa muda wote huo.

Kwa hiyo laana inayotishiwa vijana wetu ni ya nani? Kitabu cha Methali (26:2) kinafundisha kwamba laana isiyo na sababu haimpati mtu. Inapita kama ndege arukaye. Mungu hakumpa mtoro silaha ya kumpigia mtoto aliyemkimbia. Wazee wa ukoo, viongozi wa jumuiya, acheni kulitumia jina la Mungu kumtisha kijana ambaye kosa lake ni kuuliza swali la kweli.

Kwako mzazi uliye njiani kurudi, tunasema: karibu. Hatuandiki haya ili ugeuze gari. Njoo, lakini njoo na mambo haya. Nenda kwanza kwa waliolea, uwashukuru. Mwambie mwanao, "Nilikuacha, nilikosa," na usiweke neno "lakini" baada yake. Akikuuliza, jibu, akiuliza swali lile lile mara ya pili na ya tatu, jibu tena. Anza kulipa unachoweza, hata kidogo, na usikome. Usidai kuitwa baba au mama. Jina hilo litakuja lenyewe siku yake. Na kama hukuwahi kumkiri mtoto huyo, ofisi ya parokia iko wazi: kanuni ya 877 inaruhusu jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuandikwa katika kitabu cha ubatizo kwa tamko lake mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Ipo mistari mitupu katika vitabu vyetu vya ubatizo. Kila mstari mtupu ni mtoto aliyesimama siku ya Kipaimara akiulizwa jina la baba, akatazama chini.

Nawe kijana, mwana wetu, binti yetu: swali lako si dhambi. Liulize kwa adabu, lakini liulize. Kama moyo wako haujawa tayari, sema hivyo bila kumdhalilisha mtu. Usinunuliwe kwa viatu na simu, wala usigeuze uchungu wako kuwa kisasi, maana kisasi kitakula wewe kabla ya kumfikia yeye. Mwombee, hata kama sala yenyewe ni fupi na kavu. Na siku ukimwona mzazi amegeuka kweli, anatembea kweli, anabeba swali lako bila kukasirika, basi mwache akaribie hatua moja. Kesho nyingine. Hakuna anayekuhesabia hatua hizo isipokuwa Mungu, naye hana haraka.

Yosefu na Maria walirudi njia ya siku nzima kwa miguu. Wazazi, njia ya kurudi ni yenu.

Familia Takatifu ya Nazareti, ituombee. Tumsifu Yesu Kristo!